Muuza Koroboi wa Maonyesho ya Kale

Everlyn Odero alikuwa amekunja mashuka kwa miaka kumi na tisa. Katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kule Upper Hill, mashuka yalitoka mashineni yakiwa na joto la mkate, naye aliyakunja pamoja na mwenzake Ndunge. Huyu alishika pembe mbili, yule pembe mbili, wakakung'uta mara moja, wakakunja, kisha wakatembea kukutana katikati kama watu wanaokwenda kusalimiana. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Anayejaribu hubana pembe kwa kidevu, na upande wa pili huburura sakafuni.

Kazi hiyo alimfundisha mdogo wake, Obuya. Wazazi wao walifariki Obuya akiwa na umri wa miaka sita, na Everlyn akamlea katika vyumba viwili vya kupanga huko Mutuini, nyuma ya shamba la mahindi la Mzee Ndungu. Kila Jumamosi walianua nguo na kukunja pamoja. Mtoto alikuwa mashoto, na kila walipokutana katikati, pembe yake ya chini ilikuwa imegeuka kinyume na shuka limejisokota kama kamba. Alikuwa pia kikojozi, na dada yake hakumwacha alisahau hilo hata alipobalehe, akaota ndevu na kupata kazi ya kompyuta. Jioni Everlyn aliporudi kutoka kazini, Obuya alimpokea mlangoni kwa swali lile lile.

"Madam Shuka, umekunja mangapi leo?"

"Yote, isipokuwa lako," dada alimjibu. "Lako halijakauka."

Basi wakacheka, na chai ikamiminwa.

Mwezi wa Juni, miaka minne iliyopita, Obuya aliaga asubuhi kwamba anakwenda mjini kuchapisha mabango. Hakurudi. Simu yake ilizimwa mchana huo na haikuwaka tena. Everlyn alizunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti hadi mabawabu wakamjua kwa jina. Kitanda cha Obuya hakukigusa. Shuka lilibaki limekunjuka vile vile alivyoamka nalo, na kila Jumapili baada ya kanisa Everlyn aliingia chumbani humo, akaliwekea kiganja, akatoka. Mutuini kuna baridi, na chumba kile hakipati jua. Daima shuka lilikuwa na unyevu kidogo, kama la mtoto.

Mwaka huu, katikati ya Juni, baba yake mdogo, Mzee Oduor, alimpigia simu kutoka Siaya.

"Everlyn, mwanangu, boma limekaa na kidonda wazi miaka minne. Wazee wamekubaliana. Jumamosi hii tunataka kuzika yago."

Everlyn alikaa chini. Yago ni tunda la mwegea, refu na zito kama mkono wa mtu. Kwao, mtu akifa na mwili wake usipatikane, tunda hilo huvikwa sanda na kulazwa kaburini mahali pake, na watu humlilia humo kama marehemu yeyote.

"Na akiwa hai, baba?" aliuliza. "Akirudi akute kaburi lake limeota nyasi, ataingia kwa mlango gani?"

Mzee akajibu, "Tukishamzika, hana mlango tena. Ndiyo maana nakuuliza kabla jembe halijashuka. Wewe ndiye uliyemlea. Usiponipa neno, hatuchimbi."

"Nipe hadi Ijumaa."

Alhamisi akapigiwa simu na Janice, msichana aliyefanya kazi na Obuya. Wawili hao, pamoja na wenzao wachache, walikuwa wamejenga ndani ya kompyuta mji mzima wa Nairobi wa zamani, wa mabati na riksho na vumbi jekundu. Kila Juni walifanya humo maonyesho ya siku tatu, na watu wa nchi mbalimbali waliingia kupitia mtandao, wakavaa miili ya kuchorwa na mavazi ya kale, wakatembea kibanda hadi kibanda. Mabango aliyokwenda kuchapisha Obuya siku ile yalikuwa ya maonyesho hayo.

"Auntie, sijui hata nianzie wapi," Janice alisema. "Mwaka jana wageni walituandikia wakimsifu muuza koroboi. Nikadhani wanachanganya mambo, maana hatuna muuza koroboi. Leo asubuhi tumefungua tena. Nimepita huko mwenyewe." Akashusha pumzi. "Auntie, ana sura ya Obuya."

"Ni yeye?"

"Sijui. Nimemsemesha, hanijibu. Labda ni sanamu aliyoiunda akatuficha. Labda kuna mtu mahali fulani anaiendesha. Njoo kesho uone."

Everlyn hakulala vizuri. Kama kulikuwa na mtu nyuma ya sanamu ile, basi kaburi halichimbwi. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Ijumaa saa tano asubuhi alikuwa mtaa wa Jamhuri, katika sebule ya Janice. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka, na nyumba za jirani zilionekana nusu. Janice alimvika miwani mikubwa iliyofunika macho yote, akamshikisha vifimbo viwili vya kuongozea mikono. Sebule ikatoweka.

Alijikuta amesimama kwenye barabara ya vumbi, amevaa gauni refu asilolijua. Jua lilikuwa magharibi, limetulia. Janice alikuwa amemweleza kwamba walilitundika hapo makusudi, saa kumi alasiri, kwa sababu mwanga wake ni mzuri. Hata hivyo Everlyn hakulipenda. Jua lisilosogea lilimfanya ahisi kwamba kuna mtu anamtazama bila kupepesa. Wanawake waliuza maharagwe na ndizi, fundi alipiga cherehani, na mwenye riksho alijifuta jasho, akajifuta tena pale pale alipokwisha kujifuta. Makelele ya soko yalikuwepo, lakini vinywa vingi havikufunguka.

"Hujambo," Everlyn alimsalimu muuza ndizi. "Biashara yaendaje?"

"Auntie, hao ni sanamu tu," sauti ya Janice ilimfikia kutoka upande wa kochi. "Waliochangamka ndio wageni. Pita tu."

"Nitampitaje mtu bila salamu?"

"Si mtu!"

"Ana macho."

Janice alicheka. Everlyn hakucheka. Alimsalimu fundi wa cherehani, mwenye riksho, mchukuzi aliyebeba gunia lisilopungua uzito, kila mmoja kwa zamu. Sanamu zilijibu maneno yao yale yale, bei ya ndizi, sifa za kitambaa, habari ya gari moshi kutoka Mombasa. Kadiri alivyosonga mbele wageni walipungua, hadi akabaki na sanamu peke yake, na makelele ya soko yakabaki nyuma.

Mwisho wa barabara, palipokuwa na ukuta wa mabati, kilisimama kibanda chenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu yake koroboi zilipangwa safu, zote zimewashwa ingawa ni mchana. Nyuma yake alisimama Obuya.

Alikuwa amevaa koti la zamani. Sura ilikuwa yake kabisa, hata kovu la nyusi alilopata kwa kuanguka na baiskeli. Watu wote wa mji ule vivuli vyao vilielekea mashariki. Yeye hakuwa na kivuli.

"Hujambo," Everlyn alisema.

Akasogea hatua moja, akarudia.

"Hujambo, ndugu yangu."

Muuza koroboi aliinua kichwa taratibu. "Koroboi hii senti hamsini," alisema. "Inawaka usiku kucha."

Ilikuwa sauti yake. Everlyn alisogea hadi mezani. "Obuya, uko wapi? Nani yuko nawe? Niambie jina la mahali tu, nije nikuchukue."

"Koroboi hii senti hamsini. Inawaka usiku kucha."

Akauliza tena, na tena, akajibiwa bei ya taa. Sanamu, basi. Alikuwa karibu kuivua miwani alipokiona kile kitambaa cheupe. Kilikuwa na upindo wa mishono miwili na mstari wa buluu pembeni, sawasawa na mashuka ya kazini kwake. Akanyoosha mikono, akazishika pembe mbili. Koroboi hazikuanguka. Hazikuwepo tena.

Muuza koroboi alizishika pembe nyingine mbili.

Walikung'uta mara moja. Walikunja. Kisha wakaanza kutembea kukutana, na Everlyn, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuangalia mikono yake anapokunja, safari hii aliangalia ile ya mwenzake. Walipofika katikati, pembe ya chini ya kushoto ilikuwa imegeuka kinyume. Kitambaa kilikuwa kimejisokota kama kamba.

Vifimbo vya plastiki havina joto wala baridi. Lakini vidole vya Everlyn vilihisi kitu kibichi na baridi, kama nguo iliyotoka majini.

"Madam Shuka," Obuya alisema kwa upole. "Umekunja mangapi leo?"

Everlyn hakuziachilia pembe zake. "Yote," akasema. "Yote, isipokuwa lako. Lako halijakauka."

Obuya alimtazama. Katika maisha yao yote, mazungumzo yale yaliishia hapo kwa kicheko. Hakucheka.

"Limekauka, dada," alisema. "Likunje."

Akamwachia pembe zote nne. Koroboi zilionekana tena juu ya meza tupu, zikazima moja baada ya nyingine kuanzia upande wa Everlyn, kama kwamba kuna mtu anayezipuliza akirudi nyuma.

Alipovua miwani, Janice alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, kiganja mdomoni.

"Ulisikia?" Everlyn alimuuliza.

"Nilisikia." Janice alifungua sauti zote zilizohifadhiwa kwenye kibanda kile. Ilikuwemo moja tu, ile ya senti hamsini. Kisha akaonyesha orodha ya walioingia na kutoka. Jina la Obuya lilikuwa limeingia asubuhi aliyopotea, saa nne na dakika kumi. Upande wa kutoka palikuwa patupu.

"Hakuna anayemwendesha," Janice alisema polepole. "Aliingia siku ile, Auntie. Hajatoka tangu hapo."

Everlyn aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Alichukua simu yake.

"Baba," alimwambia Mzee Oduor, "chimbeni. Lakini msinunue sanda. Sanda nitakuja nayo."

Alifika Mutuini saa nane na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote, na nguo za wapangaji wenzake zilining'inia kambani zikitona maji. Alifungua chumba cha Obuya. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa, kama Jumapili iliyopita na zile zote zilizotangulia.

Akaweka kiganja juu ya shuka.

Lilikuwa kavu. Lilikuwa kavu na lenye joto, kama lililoanuliwa sasa hivi kutoka kwenye jua kali.

Everlyn aliliinua, akabana pembe mbili kwa kidevu, akajiandaa kwa ule upande wa pili ambao siku zote huburura sakafuni. Haukuburura. Ulinyooka mbele yake, ukakaza, ukamngoja. Hakuinua macho kuangalia ng'ambo. Alikung'uta mara moja, akakunja, akapiga hatua kuelekea katikati, na kitambaa kikamjia mikononi chepesi, pembe ya chini ya kushoto ikiwa imegeuka kinyume.

Hakuirekebisha. Alilitia shuka kwenye mkoba vile vile lilivyo, akaacha mlango wa chumba wazi, akaenda kupanda basi la Siaya.