Wivu wa Redio kwa Bwana Kimya

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Redio, naye aliitika. Alikuwa fundi wa friji na feni, na chumba chake cha kazi kilikuwa hapo hapo nyumbani, kile cha mbele chenye mlango wa kuelekea barabarani. Ukiingia unakuta friji zimesimama zimewageuzia watu mgongo, nyaya zinaning'inia, kompresa kuukuu zimelazwa juu ya magazeti, na Redio katikati, bisibisi mkononi, anaongea. Akikosa mteja aliongea na friji. "Wewe mama, nani alikujaza gesi hii? Alikuwa amelewa?" Watu walimpenda. Kuna mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuleta feni nzima kabisa, haina ubovu wowote, ili tu apate sababu ya kukaa pale asubuhi nzima.

Mkewe alikuwa mchache wa maneno. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, upande wa mashine kubwa, zile zinazotikisika kama zinataka kung'oka sakafuni. Jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji, nywele zinanuka sabuni, akajitupa kwenye kochi. Hapo Redio huanza: mteja alisema hivi, mimi nikamwambia hivi, naye akarudi tena na hili. Mke huitikia, "Ehee. Kweli? Ehee." Redio akiulizwa siri ya ndoa yao kudumu alijibu bila kusita, "Mimi na mke wangu tunaongea sana."

Ndipo ikaja ile tamthilia.

Iliitwa *Bwana Kimya*, na ilionyeshwa jioni, saa ile ile ya Redio kusimulia siku yake. Shujaa wake alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu. Hakupaa, hakurusha moto, hakuruka maghorofa. Nguvu yake ilikuwa moja: akiinua kiganja, kelele za jiji zima zinashuka. Magari, mbwa, honi, majenereta, vyote vinafifia hadi anabaki akimsikia mtu mmoja tu, yule mwenye shida, hata kama amefukiwa na kifusi na sauti imemkauka. Kisha anakwenda kumtoa. Kuongea, aliongea kwa nadra, kama mtu anayelipia kila neno.

Jioni ya kwanza Redio alikuwa ndiyo kwanza ameanza kisa cha mama aliyehifadhi viatu vya ngozi kwenye friza. Mkewe akainua kidole.

"Subiri kwanza."

Redio akasubiri. Akasubiri tena. Tamthilia ilipokwisha mkewe alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, macho yanang'aa. Redio hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona ameegemea mbele hivyo. Kisa cha viatu kikamchachia mdomoni.

Toka siku hiyo kijiba cha roho kilimwingia. Alimchunguza yule mtu wa kwenye televisheni kama fundi anavyochunguza kazi ya fundi mwenzake. Mabega yale, alisema, ni sponji limeshonewa kwenye koti. Urefu ule ni kamera kuwekwa chini. Siku alipoiona picha ya Bwana Kimya kwenye simu ya mkewe, mahali ilipokuwa picha yao wawili siku ya harusi ya binamu, alikwenda chumba cha mbele akaipiga friji teke, na friji yenyewe ilikuwa ya mteja.

Jioni nyingi shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kutazama pamoja nao. Aliuza viatu sokoni na ulimi wake ulikuwa wembe.

"Shemeji, mbona unamkodolea macho hivyo? Hajakuibia kitu."

"Mwanamume gani haongei?" Redio alisema. "Mtu asiyeongea ana siri, au ana meno mabovu."

"Ana meno mazuri," mkewe alisema bila kugeuka.

Jibu hilo lilimkaa Redio kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo na meno ameshayaangalia!

Akaanza vituko. King'amuzi cha nyumba ile, nyumba ya fundi, kikawa kinakufa kila jioni na kufufuka kila asubuhi. "Ni umeme mdogo," alisema, na waya wenyewe alikuwa ameuchomoa yeye nyuma ya kabati. Mkewe hakulumbana naye. Alijitupia mtandio mabegani akaenda kutazama kwa mdogo wake. Redio akabaki na kochi. Alijaribu kuusimulia ukuta kisa cha viatu kwenye friza, lakini ukuta hausemi hata "ehee". Hakumaliza wiki, king'amuzi kikapona.

Ndipo akapata wazo jingine. Kama mwanamke huyu anapenda ukimya, basi ukimya ataupata. Redio akafunga mdomo. Wateja waliingia wakakuta mtu anafungua skrubu kimya kimya, wakampa pole, wakidhani amefiwa. Yule mzee wa feni alikaa kidogo, akajikuna kidevu, akaondoka. Nyumbani Redio alikula akinyanyua kichwa kwa mbali, anatazama dirishani, mkono mmoja mfukoni, kama alivyomwona Bwana Kimya akifanya.

Jioni moja mkewe alichukua rimoti, akaizima sauti ya televisheni Bwana Kimya akiwa katikati ya hatari.

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mwanamke. Mwanamume aliyekuwa haishiwi maneno akinyamaza ghafla, ujue maneno anayapeleka kwingine."

Redio alihisi raha ambayo hakuitegemea. Kumbe na yeye anaweza kuonewa wivu! "Kwani ungeumia?" akauliza polepole, kwa sauti nzito.

"Nijibu."

"Sina mtu, mke wangu! Mtu gani? Nimpate wapi, ndani ya friji?" Bwawa likapasuka. Maneno yote ya siku zile yalimtoka kwa pamoja, wateja, kompresa, mzee wa feni, bei ya gesi, mpaka mkewe akacheka, akarudisha sauti ya televisheni, akaiongeza. Alikuwa ameiongeza juu kuliko kawaida. Redio aliona, akachukulia kuwa ni kumkomoa.

Msimu ukaisha, tamthilia ikapumzika kwa miezi, kisha mabango yakaanza kutangaza msimu wa mwisho. Shemeji alikuja na soda. Mkewe aliwahi kuoga. Redio naye alikaa, miguu juu ya stuli, ameshaandaa kejeli zake.

Hakuzihitaji. Bwana Kimya wa msimu ule alikuwa mtu mwingine. Koti lilikuwa jekundu. Alikuwa na gari linalopaa na pacha mwovu aliyetokea hatujui wapi. Na alikuwa anaongea! Alihutubia majambazi, akamhutubia pacha wake, akapanda juu ya paa akalihutubia jiji. Alipoinua kiganja, badala ya kelele kushuka, ulitoka moto.

Kwenye kipande cha tatu ghorofa lilianguka na bibi mmoja akabanwa chini. Kamera ilimwonyesha akigonga bomba kwa kijiko, anaita. Juu yake Bwana Kimya alisimama kwenye kifusi, anaeleza maana ya ujasiri, na muziki umepandishwa.

"Hamsikii," mkewe alisema. "Jamani, anamwita na hamsikii."

"Waandishi wamelewa hawa!" shemeji alipiga paja. "Sasa huyu shujaa au mgombea ubunge?"

Redio alikuwa na sherehe moyoni. Kesho yake kila aliyeleta friji alipewa habari: jamaa kafilisika, koti jekundu, maneno kama mnadani. Jioni alirudi kochini mapema kuliko mkewe, asikose. Kila mke alipoguna, yeye alipata nguvu. "Huyo ndiye wako? Huyo wa meno mazuri?" Mkewe aliendelea kutazama, jioni baada ya jioni, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyeshaonyesha kwamba haji.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa aibu. Bwana Kimya aliamka kitandani, akagundua kwamba yote yalikuwa ndoto, akacheka, akaenda zake kazini. Majina yakapita. Shemeji alivaa viatu vyake, akasema, "Miaka yangu hii wanirudishie," akaenda kwake.

Redio akanyoosha mikono. "Haya, amezikwa." Akageuka na kumkuta mkewe analia. Halii kwa sauti. Machozi yanashuka tu, naye anayafuta kwa ncha ya mtandio.

Wivu ukarudi mara mbili ya ulivyokuwa. "Unamlilia? Mtu wa kwenye kioo? Mimi nilipolazwa na kidole tumbo hukunililia hata tone!"

"Ulipolazwa ulikuwa unaongea na wodi nzima. Ningelia saa ngapi?"

Redio akachukua rimoti, akaizima televisheni.

"Unajua nilimpendea nini?" mkewe akauliza.

"Haongei. Nimeshajua. Mimi naongea."

"Kuongea kwako nilikukuta nako, sikudanganywa. Nilimpenda kwa sababu anazima vyote ili amsikie mtu mmoja." "Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu zije mashine mpya. Linavuma mchana kutwa, nikilala linavuma."

"Lini? Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye habari za yule mteja wa friji ya kijani. Ukasema 'subiri, sehemu nzuri inakuja.' Mara ya pili ukasema ni mafua, ukaendelea."

Friji ya kijani Redio aliikumbuka yote, mpaka rangi ilipobanduka mlangoni. Aliyekuwa ameketi mbele yake akijaribu kusema, hakumkumbuka. Akakaa. Aliona aibu, lakini chini ya aibu bado kulikuwa na kile kijiba, tena kichungu zaidi, kwa sababu sasa alijua kwamba yule wa koti la kijivu alistahili. Yeye angesikia.

Hospitali walikwenda pamoja. Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye miwani, sauti ya chini. Aliuliza swali, kisha akaweka kalamu mezani akasubiri. Mke akaanza kueleza mlio ulivyo, kwamba asubuhi ni kama mbu na jioni ni kama maji ya bomba, kwamba kazini wenzake wanaongea kwa ishara, kwamba alianza kuogopa kuvuka barabara. Redio hakuwa amesikia hata moja. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akamtazama yule kijana anavyosikiliza, akatamani amng'oe pale akae yeye.

"Hilo la barabara ni kwamba—" Redio alianza.

"Samahani mzee, naomba ajibu mwenyewe."

Mzee! Redio akameza mate machungu.

Vipimo vilisema sikio lililopotea halitarudi lilivyokuwa. La kulia bado zima, lilindwe, na mashine zile aziache. Daktari akaandika barua ya kiwandani. Redio akajitolea kwenda kumvaa msimamizi. Alikuwa ameshapanga hotuba nzima, yenye mwanzo na kati na vitisho.

"Nitaongea mwenyewe," mkewe alisema. "Wewe nisindikize tu."

Alimsubiri ndani ya lango la kiwanda, karibu na matoroli ya mashuka machafu. Hakuwahi kufika pale katika miaka yote hiyo. Mlango wa chumba cha mashine ulifunguliwa mfanyakazi atoke, na mngurumo ukamjia kifuani kabla haujafika masikioni. Mlinzi alimwambia kitu. Redio akaona midomo inacheza, basi. Akamsogelea, akapiga kelele, "Nini?" Mlinzi naye akapiga kelele, na bado Redio hakuambulia hata neno. Alisimama pale na mdomo wake wote, na haukumfaa kitu.

Mkewe alitoka amekaza uso, kisha akatabasamu. Msimamizi alianza na kiburi, mkewe alisimulia njiani, akasema nafasi hakuna, ndipo yeye alipomwekea barua mezani na kumuuliza atamjibu nini daktari. Amehamishiwa chumba cha kukunja, upande wa nyuma, madirisha mawili na wanawake wanne na hakuna mashine. Redio alikuwa na mambo saba ya kusema kuhusu msimamizi wa namna hiyo. Alitembea upande wake wa kulia, akabana ulimi kwa meno.

"Halafu?" akauliza. "Akasema nini?"

Hakuwa malaika baada ya hapo. Bado huongea, na kuna jioni mkewe hulazimika kumgusa goti. Bwana Kimya hatajwi tena ndani ya nyumba, na kwenye simu sasa kuna picha ya maua.

Ila siku ya kurudi kwa yule daktari kijana, mkewe alitoka chumbani amevaa gauni lake la kijani na hereni ndogo.

"Tunakwenda hospitali au harusini?" Redio aliuliza.

"Hospitali."

Redio alimtazama, akarudi ndani. Alinyoa ndevu, akabadilisha shati, akapaka mafuta mpaka kwenye viwiko, na mkewe akamsubiri mlangoni akicheka.