Tangawizi ya Bi Zuhura

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na leo nilipokuona umeisukuma sahani ya samaki ukasema umeshiba, ndiyo imenirudia. Sogea karibu. Sahani iache ilipo, wala sitakuuliza kitu. Nasimulia tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla mama yako hajazaliwa. Nilikuwa bi harusi mpya, nimetolewa kijijini kwetu Uroa nikaletwa mjini, mtaa wa Malindi, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Zuhura. Babu yako alikuwa akishinda kazini bandarini, kwa hiyo mchana tulibaki wawili, mimi na mama yake. Bi Zuhura alikuwa mpishi. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mwenyewe akilijua zaidi. Haikupikwa pilau ya harusi pale Malindi asiitwe kuionja. Ukiacha tonge kwake, umemtukana.

Mimba ikaingia, nami nikawa sitaki hata kunusa samaki. Sasa Malindi utamkimbia wapi samaki, na soko liko pale pale? Nilipokwenda Uroa kusalimia, mama yangu alinitazama mara moja akajua. Akaniusia, "Usimwambie mtu mpaka ionekane yenyewe." Ndivyo tulivyolelewa, mimba changa haitangazwi, inaogopewa kijicho. Mume wangu nilimwambia, kisha nikamfunga mdomo. Na kwa utoto wangu nikadhani huyo "mtu" ni pamoja na mama mkwe.

Basi kila mchana Bi Zuhura akiandaa, mimi nafinyanga tonge, nalizungusha, nasema nimeshiba. Akapika samaki changu wa nazi. Akapika kuku wa kupaka. Akapika mpaka biriani, siku ambayo haikuwa Ijumaa wala sikukuu. Nikaonja, nikasukuma. Hapo ndipo aliponitazama akasema, "Hivi weye mwana wa Uroa, chakula changu kina nini? Kama hukipendi, sema. Ntakurudisha kwenu ukale cha mama yako."

Hakufoka. Alisema kwa upole, na machozi yamemlengalenga. Niliogopa, mwanangu. Nilimpenda mume wangu, nimeshaizoea ile nyumba, na yeye mwenyewe nilikuwa nimeanza kumpenda.

Nikakumbuka kwetu mtu akichafukwa na tumbo hupewa chai ya tangawizi. Asubuhi yake Bi Zuhura alipokwenda sokoni, nikaikamata tangawizi nzima, nikaiponda yote, nikaichemsha mpaka maji yakawa tope, nikanywa sijatia hata chembe ya mkate tumboni. Wanasema akili nyingi huondoa maarifa. Kifua kiliwaka, koo likaniwasha, nikainama uani natapika na machozi yananitoka. Ndipo Bi Zuhura alipoingia na kikapu chake.

Akanitazama. Akaenda kuchungulia sufuria, akanusa. Akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mpaka nikamaliza.

"Mjukuu wangu ndiye unayenficha mie?" akasema. "Kijicho unakiogopa hata kwangu? Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungenambia, ningekupikia unachokiweza. Hukunambia, nkadhani umenidharau."

"Nisamehe, mama."

"Nshakusamehe. Lakini tangawizi yangu umeiua. Njoo nkuonyeshe."

Akakata kipande kidogo, kama ncha ya kidole gumba. Akakiosha, akakiponda kidogo tu. Maji yalipochemka akakitia, akafunika, akaiteremsha sufuria kutoka kwenye seredani ya makaa. Akachuja, akaweka sukari ya kuonja, maziwa hakutia. Kabla hajanipa kikombe alinimegea mkate wa boflo mkavu, akanisimamia mpaka nikameza. "Sasa kunywa. Pole pole, hufukuzwi." Joto lile likashuka taratibu, tumbo likatulia. Sitakudanganya kwamba kichefuchefu kiliniacha siku ile. Lakini mchana nilikula wali, na Bi Zuhura alikuwa akiihesabu kila tonge kwa macho, anatabasamu.

Tangu hapo kila asubuhi kinu kikilia uani kwetu. Majirani wakauliza, kulikoni? Bi Zuhura akajibu bila kupepesa, "Mkwe wangu ana mafua." Basi wakaniletea ndimu, wakaniletea majani ya kujifukiza, na mimi nikajifukiza, ningefanyaje? Tumbo lilipochomoza jirani mmoja akapiga makofi, "Loo, Bi Zuhura! Mafua haya yameota miguu!" Naye akamjibu, "Mafua ya Uroa ndivyo yalivyo." Ndiyo sababu mama yako mtaani walimwita Mafua mpaka alipoanza kwenda chuoni kusoma Kurani. Muulize, atanuna.

Sasa shika maneno yangu, mwanangu. Tangawizi ni kitu cha baraka. Hutuliza kichefuchefu, hupunguza gesi tumboni, na koo likikukereketa wakati wa baridi hulipa nafuu. Lakini iwe kidogo, tena baada ya kutafuna kitu, maana dawa ikipita kiasi inageuka ugonjwa. Ukiona hata maji hayakai tumboni, usikae na kikombe, nenda kwa daktari. Na kama unameza dawa za hospitali, muulize kwanza. Bi Zuhura mwenyewe alinambia hivyo, na hakuwa mtu wa kumsifia daktari ovyo.

Jingine ni hili. Siri changa haitangazwi sokoni, kweli, na mama yangu hakukosea. Ila usimfiche anayekupikia. Yule anayeiangalia sahani yako huku roho inamuuma, huyo si mtu wa kando.

Haya, mimi naingia jikoni kuponda. Boflo limo kabatini, anza kulitafuna kidogo kidogo. Mungu akupe wepesi, akukinge na jicho la hasidi, akujaalie cha heri chenye afya. Na majirani wakiuliza, nitawaambia una mafua.