Fahali ya Mwovu

Wamalwa, fundi wa magari ugenini, aliivumilia nyumba ya Nashon kule mtaani Kansanga, hata gari lake. Kilichomnyima usingizi ni ng'ombe. Nashon, jirani yake wa gereji pale Kisenyi na mwenzake wa kutoka Bungoma, alimpelekea baba yake mwenyewe fahali mweusi kule kijijini kwao, kijiji kizima kikatoka kumtazama. Na mafundi wote walijua Nashon alivyotajirika: ukimletea gari atengeneze breki, anachomoa spea nzima na kukupachikia mbovu. Siku chache baadaye mzee wa Wamalwa akapiga simu. "Kwani wewe huko unafanya kazi gani hasa?"

Swali hilo lilimchoma. Jumamosi Mama Husnah, mfanyabiashara wa Kinubi, aliacha gari lake gereji hadi Jumatatu kwa ajili ya breki, akaondoka na ufunguo. Wamalwa akaitoa stata yake nzima, ile mota ya kuwashia injini, akafunga kuukuu. Nashon alikuwa na mnunuzi tayari.

Jumapili alikwenda ibada ya Kiswahili. Mhubiri, Mganda ambaye r na l humpiga chenga kila wiki, alitaka kuwaonya watu wasionee wivu fahari ya waovu. Akapaza sauti, "Ndugu zangu! Usitamani fahali ya mwovu!"

Kanisa likaangua kicheko. Wamalwa peke yake hakucheka. Alilowa jasho, akidhani kuna mtu amemchongea madhabahuni, ng'ombe na yote. Halafu likamjia jambo baya zaidi: kwa stata ile, mwovu sasa ni yeye.

Jumatatu asubuhi aliirudisha garini. Nashon alipoifuata akaambiwa imerudi kwa mwenyewe.

"Utazeeka na spana mkononi," Nashon alimcheka, akaenda zake.

Mama Husnah alifika saa nne, akalizunguka gari polepole.

"Fundi, kuna kitu ingine umegusa?"

Angesema hapana, nani angejua? Stata ilikuwa mahali pake, imefungwa vizuri kuliko mwanzo.

"Stata, mama. Niliitoa Jumamosi niuze. Leo nimerudisha."

"Ulitoa kwa nini?"

"Wivu, mama." Aibu ilimjaa, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Mama Husnah hakuuliza wivu wa nani. Alifungua mkoba, akamkabidhi ufunguo.

"Washa, nisikie."