Koko na Njia ya Gari

Juma lililopita nilikwenda kumtembelea mama mdogo, na ili niufikie mlango wake ilibidi nipite kiubavu. Mfuko wa unga niliutanguliza mbele, mkoba nikaunyanyua juu ya kichwa, tumbo nikalivuta ndani, na bado kifungo kimoja cha koti langu kilibaki ukutani. Kushoto ukuta mpya wa matofali, kulia nyumba ya jirani, katikati upenyo wa mbuzi mmoja, tena mbuzi aliyekonda. Nilipotokea upande wa pili nilikuwa na hasira hata salamu zikanishinda. Maana pale, ndugu yangu, palikuwa na njia ya gari. Mimi mwenyewe niliifagia kila Jumamosi ya utoto wangu.

Ukisikia njia ya gari usije ukadhani tulikuwa na gari. Hatukuwa na hata baiskeli. Bukavu unaijua, ni mji wa kupanda na kushuka, na mtaa wetu wa zamani umeshikilia mteremko kwa kucha. Barabara ya udongo ilipita juu. Kutoka hapo kila nyumba iliteremkiwa kwa ngazi zilizochongwa kwa jembe, na mvua ikinyesha unashuka kwa makalio. Chini, kati ya mabati ya watu, ulikuwa unaona kipande cha ziwa. Kiwanja chetu kilikuwa kirefu kuliko vya majirani. Mbele ilikuwa nyumba ya koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, na ubavuni jiko lake la nje. Nyuma kulikuwa na shamba dogo la maharagwe na lengalenga, mchicha wa huku.

Lile jiko nitalizungumza kidogo, univumilie. Lilikuwa la miti na udongo, na mabati yake yalikuwa yameiva moshi hadi yakawa meusi kama sufuria. Humo ndani koko alipika bugali, akakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka wakalia mdomoni, na sombe, majani ya muhogo, ilitwangwa pale mlangoni, asubuhi tukiamshwa na kinu kabla ya kengele ya parokia. Mvua ikipiga bati usingesikia mtu akikuita, na hiyo ilikuwa faida kubwa kwa mtoto anayetafutwa akateke maji. Mpaka leo nikisikia harufu ya sombe na moshi wa kuni mbichi nahisi kama mtu ameniambia nikae nile.

Basi vita vya pili vya huku kwetu vikaja, na mama mdogo akaja navyo. Ni binti wa mwisho wa koko, mdogo wake mama yangu. Alikuwa ameolewa Kalehe. Alifika kwa miguu akifuata ziwa, na watoto watatu, na mashini yake ya kushona kichwani. Mumewe hakufika, na hakufika tena. Mimi nilikuwa nalelewa na koko, basi tukalala sita chumba kimoja. Koko alikaa siku chache akiwatazama wale watoto, kisha akatangaza kwamba kile kipande cha nyuma ni cha mama mdogo, ajengewe nyumba yenye mlango wake. Na alitaka kiandikwe kwenye karatasi, haraka, angali hai. Alikuwa na sababu. Mjomba wetu mkubwa alikuwa Kamituga kwenye biashara ya dhahabu, na alikuwa amekwisha kutuma neno mara mbili kwamba siku koko akifumba macho, kiwanja kizima kitauzwa. Bila karatasi, mama mdogo angerudi barabarani na watoto wake.

Hapo ndipo koko alipofanya kosa lake. Alikwenda ofisi ya viwanja kuomba ruhusa. Jirani yetu wa chini, mwalimu mstaafu, alikuwa amekata kiwanja chake vipande vinne bila kuuliza mtu, akavijaza wapangaji, akalala usingizi wake. Koko aliuliza. Na katika mji huu anayeuliza ndiye anayejibiwa.

Ofisi ikamtuma mpimaji. Alikuja kwa miguu, bwana mpole mwenye tai na faili ya plastiki kwapani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kwanza alikula, kwa kuwa koko hakuruhusu mtu atoe habari mbaya na njaa. Kisha akafungua utepe wake, akapima, akakohoa. Katika mitaa ya zamani kama wetu, alisema, mji haukubali kukata kiwanja ovyo. Kipande cha nyuma kilitosha, hilo halikuwa na neno. Lakini kila kipande lazima kiwe na njia yake mpaka barabarani, mita tatu upana, gari lipite.

"Gari ya nani?" koko akauliza.

"Ya yeyote, maman. Ya wagonjwa. Ya kuzima moto."

Koko alitazama ule mteremko, akatazama ngazi, akamalizia na viatu vya yule bwana, ambaye naye alikuwa ameshuka ngazi hizo hizo. Mpimaji akakunja utepe wake akasema kwa upole kwamba si yeye aliyeandika sheria.

Hebu fikiri. Mji ulikuwa umebadilisha wakubwa, bendera, hata mihuri. Barua za koko zilizopigwa muhuri wa juzi zilikuwa takataka, alilazimika kuanza upya mara mbili. Walimu hawakulipwa, hospitali haikuwa na pamba, risasi zikilia tulikuwa tunaingia chini ya kitanda tukitafuna miwa. Kila kitu kilianguka, isipokuwa sheria ya mita tatu. Hiyo ilikuwa imesimama wima. Na gari la kuzima moto tulilolitengea njia, sikuwahi kuliona katika mji huu utoto wangu wote.

Mita tatu zilipatikana mahali pamoja tu, palipokuwa na jiko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Koko alisikia la mkuu, na kilichovunjika ni jiko lake. Alilivunja mwenyewe, ukuta baada ya ukuta, na yale mabati meusi akamwekea mama mdogo kule nyuma, akiba ya nyumba yake, pamoja na mapya aliyokuwa akinunua moja moja. Tangu siku hiyo tulipikia uwanjani chini ya turubai, na moshi uliokuwa unatoka kwa adabu ukawa unatuingia machoni sisi sote. Kisha tukachimba. Ngazi zikaondolewa, mteremko ukakatwa kwa jembe, udongo tukaubeba kwa mabeseni, mimi na binamu zangu, kila alasiri baada ya shule, hadi ukapatikana mshuko laini kutoka barabarani mpaka nyuma. Majirani walisimama juu wakitutazama. Wakatupa jina, "watu wa garaji".

Mpimaji akarudi, akala, akapima. Kwenye kona palikuwa na jiwe kubwa lililotokeza, na hapo njia ilipungua kwa urefu wa mkono. Gari haliwezi kugeuka, akasema. Hakusaini. Jiwe lile lilikuwa mzizi wa mlima, ungelivunja kwa baruti, na katika siku zile nani angethubutu kuitafuta baruti? Akaagiza pia njia iwe safi na wazi wakati wote. Majani yakiota ataandika kosa.

Kwa hiyo kila Jumamosi tulifagia njia ya gari. Nilichukia kazi ile hata leo mgongo unanikumbusha. Watoto wengine walikuwa ziwani, sisi tunafagilia gari ambalo hata Mungu alikuwa hajaliumba. Lakini nitakudanganya nikisema nilichukia yote. Ile ilikuwa sehemu pekee pana na laini mtaani. Tuliruka kamba pale. Wanawake walianika maharagwe na mihogo pale, mama mdogo akiwashonea watu chini ya ukingo wa bati, mguu wake ukikanyaga ile mashini, ta-ta-ta-ta, mpaka giza. Ubatizo wa watoto wa mtaa mzima ulisherehekewa katika njia yetu, hata wa wale waliotuita watu wa garaji. Koko alikaa kwenye kona juu ya lile jiwe lililomkosesha saini, akichambua mboga, akitazama barabarani. Ukimuuliza anatazama nini, anasema anangoja gari.

Na likaja. Ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, tumetoka misa ya pili, sufuria ikiwa jikoni, maana tuliendelea kuliita jiko hata bila kuta. Kamionete ya watu wenye silaha ilipita juu ikitambaa. Walikuwa wanapora nyumba za mtaa, lakini nyumba za wenzetu zilikuwa na ngazi, na kupora kwa ngazi ni kazi: unabeba kichwani, unateleza, unachoka. Huko walichukua redio na kuku. Walipofika kwetu wakakuta njia pana, iliyofagiwa jana yake. Dereva hakushuka hata kuangalia. Alikata kona akateremka mpaka nyuma, kwenye kipande cha mama mdogo.

Hawakutupiga, namshukuru Mungu. Walituambia tukae chini tukakaa. Walipakia mabati yote, mapya na yale meusi ya jiko, wakapakia magunia mawili ya maharagwe, na juu ya kila kitu wakaiweka mashini ya kushona. Mama mdogo alinyanyuka nusu, koko akamshika sketi akamrudisha chini. Kisha wakageuza pale kwenye jiwe, mara moja tu, bila kukwaruza, wakapanda na kwenda zao. Jioni majirani walikuja kutupa pole, na kila mmoja, akimaliza pole, macho yake yalikwenda kwenye ile njia. Nyumba iliyofuata sheria ndiyo pekee iliyoporwa kwa gari.

Kesho yake koko alivaa kitenge chake cha misa akanishika mkono tukaenda ofisini. Nilidhani atapiga kelele. Hakuketi, ndiyo ukali wake wote.

"Ile gari mulisema itakuya, ilikuya," akamwambia mpimaji. "Ilibeba mabati, ilibeba mashini ya mutoto wangu. Sasa munataka gari gani ingine?"

Yule bwana aliinamia faili zake. Mtu mzuri, nakuambia, na ndiyo maana bado namkasirikia. Alipoinua kichwa aliuliza kwa sauti ndogo:

"Iligeuka fasi gani, maman?"

"Kwenye kona. Kwenye jiwe."

"Na haikukwama?"

"Haikukwama."

Akavuta faili yetu chini kabisa ya rundo, akaandika kwamba njia imehakikishwa, gari limeingia, limegeuka na limetoka bila shida. Akasaini, akapiga muhuri mara mbili. Koko aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili akanipa niisome, kwa sababu yeye hakujua kusoma. Nilipofika pale pa "bila shida" nilipapita kimyakimya. Nilikuwa na miaka kumi, na huo ndio uongo wangu wa kwanza ninaojivunia.

Karatasi ilifanya kazi yake, siwezi kuikatalia. Nyumba ya mama mdogo ilijengwa polepole kwa mbao na mabati ya kuokoteza. Koko alipofariki, mjomba alishuka kutoka Kamituga na mnunuzi wake tayari. Akaonyeshwa muhuri, akauza nyumba ya mbele tu, akaondoka amenuna. Na siku ya mazishi niliielewa njia ile kwa mara ya kwanza. Mtaani kwetu marehemu anapandishwa ngazi kwa shida, jeneza limeinama, wanaume wanateleza, wanawake wanafumba macho wasione likianguka. Koko alipanda amelala sawasawa, wanaume watatu huku, watatu kule, na sisi wote nyuma yake kwa upana, hakuna aliyemkanyaga mwenziwe. Mama mdogo alisema mama yake ametoka kwake kama mtu.

Sasa huo ukuta mpya. Tajiri mmoja amejenga juu ya njia, urefu wake wote, na anayo karatasi. Nilikwenda ofisini na karatasi yetu, imekunjikakunjika lakini muhuri unasomeka. Kijana aliyenipokea ni mstaarabu, alinipa kiti, akatafuta kwenye kompyuta yake. Njia haimo. Kwenye mpango wao pale pameandikwa nafasi tupu, na nafasi tupu imekatwa, imegawiwa, imekwisha. Nilimweleza habari za mita tatu, za sheria ya mitaa ya zamani, za jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Lakini maman, gari gani itapita kule?"

Jiko halipo, lile jiwe limemezwa na msingi wa tajiri, na hakuna mtoto anayeruka kamba mtaani kwa sababu hakuna mahali kamba ingezunguka. Hayo ningeyavumilia, mji hukua. Kinachonichoma ni kwamba swali la koko lilihitaji miaka yote hii kufika ofisini, na lilipofika lilikuwa limegeuzwa kutupiga sisi.

Nilirudi, nikapita tena kiubavu, nikamsimulia mama mdogo. Alikuwa anakaanga sambaza. Miguu yake imevimba siku hizi, na haendi tena mbali na mlango. Nilipomwambia kijana ameuliza gari gani litapita, aliepua sufuria, akautazama ule upenyo, akanitazama mimi.

"Ungemujibu haiko gari, iko mimi," akasema. "Siku yangu, mutanipitisha wapi?"