Bukari ya mihogo saba

Leo mwanafunzi amenifanya niseme ukweli niliouficha tangu wakati wa Zaire.

Mnajua nafundisha hesabu hapa Kamina. Asubuhi nimeandika ubaoni: mama amechanganya vikombe kumi vya unga wa bukari, ugali wetu. Vya mahindi ni mara mbili ya vya mihogo, na kimoja zaidi. Mahindi x, mihogo y.

Wa kwanza kumaliza akasoma jibu: mahindi matatu, mihogo saba.

Kabla sijafungua mdomo, msichana mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, hiyo bukari itanata kama gundi! Amegeuza x na y!"

Darasa zima kicheko. Miye nikaweka chaki chini.

Maana hesabu hiyo nilipewa nikiwa mwanafunzi, na kosa langu lilikuwa lile lile. Nikamsomea mama jibu, naye anasonga bukari. Hakuwahi kuingia shule. Akacheka: "Weye! Mihogo iko mingi hivi, nani atakula?"

Nikarudia hesabu. Mahindi saba, mihogo mitatu.

Kesho yake mwalimu wangu akafurahi sana: "Citoyenne," maana wakati ule kila mwanamke aliitwa 'raia' hivyo, "nani amekufundisha kuhakiki jibu?"

"Miye mwenyewe," nikasema. Niliona haya kumtaja mama. (Msinicheke, nilikuwa mtoto.)

Basi leo nikamuuliza yule msichana swali hilo hilo. Hakusita hata kidogo.

"Mama."

Nyinyi mngejibu nini hapo?

Miye nikasema: "Hata miye, ni mama."