Dume Letu Kwenye Orodha ya Mababu

Enzi zetu pale Zagayu, hakuna mtoto aliyekula kabla ya kutaja mababu. Tulikaa uani tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka mbele yetu kama uchokozi. Bibi Kabula akikunyooshea kidole, unataja majina saba, kuanzia baba yako hadi babu aliyehamia huku na ng'ombe wake. Ukikosea, unarudi kwenye pamba, wenzako wanakula.

Mimi nilikuwa na tumbo kubwa na kichwa chepesi. Siku moja jina la sita lilinitoka kabisa. Nikaona Bibi anasinzia, nikachomeka Masanja, dume letu la kulimia, lililopewa jina la mtu aliyetuuzia. Bibi akaitikia kwa kichwa, pengine usingizini, nami nikala. Wadogo zangu, waliojifunza kwa kunisikiliza, wakalishika hivyo hivyo. Wazee waliojua jina la kweli wakafa mmoja mmoja, nami sikulisahihisha. Mdogo wangu alipompa mwanawe jina la "babu Masanja", nilikula pilau ya sherehe bila kumtazama mtoto usoni.

Mwaka huu vijana wetu, na simu zao za kurekodi, walituitishia kikao Bariadi na watu wa Mwandoya. Ilisemekana ni ndugu zetu, ila miaka yote tumepishana mnadani kama wageni. Orodha zikilingana, tungekuwa ukoo mmoja, tukisaidiana hata misibani. Wao, jina la sita: Shigela. Sisi: Masanja. Mzee wao mmoja akachukua kofia yake.

"Hawa si wetu," akasema.

Nikasimama. "Masanja alikuwa ng'ombe. Nilikuwa na njaa."

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Kijana Masanja, yule mwana wa mdogo wangu, aliuliza kama angalau dume hilo lilikuwa hodari. Nikamwambia, mno. Mama Nkwimba, bibi kizee wa Mwandoya, akaondoa sahani ya wali mbele yangu.

"Ng'wanone, mwanangu, taja kwanza."

Nikataja, na mvi zangu hizi, mara tatu, hadi akaridhika.

Vijana walirekodi yote. Siku hizi ukimuuliza kijana jina la baba wa babu yake, anatafuta chaji. Sisi tulimtafuta Bibi, na ninamkumbuka mno.

Wakati wa kuagana, yule mzee wa kofia alinishika mkono akaniita "mdogo wangu". Sijaitwa hivyo tangu nilipomzika kaka yangu wa mwisho.