Farasi Aliyesikiliza Hotuba ya Chifu

Blanketi likinyeshewa, likaanza kutoa ule mvuke wa sufu na jasho, mimi hurudi kimawazo mara moja juu ya mgongo wa Meja. Meja alikuwa farasi mzee mwenye meno ya rangi ya chai na tabia ya kupumua kama mtu aliyeonewa. Mzungu mwenye shamba kule juu yetu, nje ya Nyeri, aliuza kila kitu baada ya Uhuru akaenda zake, na farasi aliyekosa mnunuzi akamwachia mtunzaji wake, jirani yetu Mzee Wambugu.

Mimi nilizaliwa kwa taabu. Miguu ilikakamaa kama kuni, na mgongo haukunisikiliza hata kidogo. Nikiwekwa kwenye kiti, nilimwagika. Nilipofika miaka minane Mama alinibeba hadi shuleni. Mwalimu mkuu akaniketisha kwenye benchi, nikaanguka juu ya viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema darasa limejaa na hakuna wa kunishika, basi nikiweza kukaa peke yangu, nirudi. Mama alinibeba tena hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata Mzee Wambugu alimleta Meja mpaka mlangoni, akaniambia kwa uso wa matanga: "Hii farasi iko na shida ya mgongo. Inataka mtoto mwepesi wa kuikalia. Lakini ukipinda, inaumia."

Uongo mtupu. Mgongo wa Meja ungebeba kanisa na waumini wake. Lakini mimi niliamini, nikajiona daktari. Mzee alikunja blanketi badala ya tandiko, tukashika njia ya kati ya mibuni, Mama kanishika huku, yeye kanishika kule. Joto la Meja lilipanda mapajani, miguu ikalegea yenyewe. Kila hatua yake ilinisukuma upande, nami nilijinyoosha kwa kumhurumia mgonjwa wangu. Miezi ikapita. Mama akawa ananishika kiatu tu, kisha akawa anatembea kando.

Meja alijua maneno mawili ya Kiswahili: "twende" na "simama". Hilo la pili nililipenda kupita kiasi. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia mimi nisimame, nikashindwa. Sasa kulikuwa na mnyama mzima aliyesimama kwa amri yangu. Nilimsimamisha mbele ya kila mgomba. Mzee alisema kwa mwendo huo tutafika mtoni Krismasi.

Siku moja tulikuwa tunakatiza uwanja wa shule wakati Chifu anafungua baraza. Akapaza sauti: "Watu wote, simama! Wimbo wa taifa!"

Leo nafundisha Kiswahili, na najua alipaswa kusema "simameni". Angesema hivyo, Meja angepita zake. Lakini alisikia neno lake, akasimama papo hapo katikati ya uwanja. Mzee Wambugu akaachilia kamba ili avue kofia. Watu wote wima, mimi peke yangu nimekaa, tena juu kuliko Chifu.

Wimbo ukaisha, watu wakaketi, wazee wakamwita Mzee akae nao mbele. Ningesema "twende", lakini nani angethubutu wakati Chifu ameshafungua mdomo? Akaongea juu ya matuta ya shambani, akaongea juu ya vyoo, akarudi kwa matuta. Meja alisikiliza yote. Mimi niliyumba mara mbili, nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, amesimama kati ya wanawake walioketi, wala haji. Nilimkasirikia sana, na kwa hasira hiyo nikajinyoosha.

Baraza lilipovunjika mwalimu mkuu alimfuata Mama. "Huyu amekaa hotuba yote," alisema. "Mimi mwenyewe nimeegemea ukuta mara tatu. Mlete Jumatatu."

Shule niliipata, lakini kinyongo nilibaki nacho miaka mingi. Kisha nikapata mtoto wangu, na siku alipoachilia meza ili ajaribu kutembea, nilihisi moyo ukitaka kunitoka. Nikamwuliza Mama mbona siku ile hakuja.

"Nilikanyaga mguu moja na ile ingine, ndio isikukimbilie," akasema. "Hata kucha ilitoka."